Mtoto si Mzigo: Dhidi ya Miongozo ya Safari za Familia Ulaya

Utangulizi

Katika idara zetu za fasihi kuna neno ambalo ni nadra kutamkwa bila mtu kukunja uso. Neno hilo ni mwongozo. Kila mhadhiri aliyewahi kusahihisha mitihani ya kidato cha nne anamjua yule mtahiniwa aliyesoma mwongozo wa riwaya teule asiisome riwaya yenyewe. Anaorodhesha dhamira saba, anawagawa wahusika kuwa wakuu na wadogo, anataja tashbihi na takriri pamoja na kurasa zake, na wala hajui kwamba kitabu kile kilikusudiwa kumchekesha. Tumewaasa walimu, tumewaonya wanafunzi, tumewalaumu wachapishaji. Miongozo, tunasema, huua usomaji.

Hata hivyo, mhadhiri huyo huyo apatapo ufadhili wa utafiti wa miezi sita kule Bayreuth, Leiden, Napoli au London, akaruhusiwa kuandamana na watoto wake, jambo la kwanza alifanyalo ni kwenda kununua mwongozo. Tena hauchagui kama mhakiki. Anauchagua kama mzazi aliyeingiwa na hofu: anautafuta ule wenye picha nyingi zaidi, wenye orodha ndefu zaidi, na wenye neno 'familia' lililoandikwa kwa herufi kubwa jaladani. Anafika Paris akiwa amekwisha kuambiwa dhamira za Paris, wahusika wakuu wa Paris na mbinu za lugha za Paris. Kilichobaki ni kuwaburura watoto wakatie alama ya vyema mbele ya kila jibu.

Makala haya yanadai mambo matatu. Kwanza, kwamba kitabu cha mwongozo wa safari ni matini kama matini nyingine, chenye msimulizi, itikadi na msomaji anayelengwa, na kwa hiyo kinastahili kuteuliwa kwa vigezo vya uhakiki. Pili, kwamba sehemu kubwa ya vitabu vinavyouzwa kama miongozo ya familia ni vibovu kifani na vina madhara kimaudhui, kwa kuwa vimemwandika mtoto kama mzigo. Tatu, kwamba mzazi anayewapeleka wanawe Ulaya hahitaji mwongozo wa familia hata kidogo. Anahitaji vitabu vitatu vya aina nyingine kabisa, nami nitavitaja.

Ninafahamu kwamba wapo wenzetu watakaoona mada hii kuwa ya anasa. Wakenya wangapi, watauliza, huwapeleka watoto wao kutembea Ulaya? Swali ni la haki. Lakini wasomaji wa jarida hili ni miongoni mwa wachache hao, na desturi ya kuhakiki kila usomaji isipokuwa wa kwetu wenyewe ni desturi mbaya.

Nasaba ya Utanzu Huu

Mwongozo wa safari kama tuujuavyo leo ni zao la karne ya 19. Karl Baedeker alianzisha biashara yake ya vitabu mjini Koblenz mwaka 1827. Baadaye aliipata kampuni iliyokuwa imechapisha kitabu cha J. A. Klein kuhusu safari ya mto Rhine, na mwaka 1835 akatoa toleo alilolirekebisha mwenyewe. Mwaka uliofuata, 1836, John Murray wa tatu alichapisha London kitabu chake cha mkononi kwa wasafiri wa bara la Ulaya. Ni vitabu vya mkondo huu vilivyoeneza ile nyota ndogo kando ya jina la jengo au mandhari ambayo msafiri hapaswi kuikosa.

Tusisahau kwamba kazi ya kwanza ya vitabu hivi ilikuwa ya ukombozi. Baedeker alitaka kumwezesha msafiri kujitegemea, asiwe mateka wa watembezaji wa kukodiwa waliomngoja kila hoteli. Aliyekuwa na kitabu aliweza kwenda peke yake. Lakini kama ilivyo kwa wakombozi wengi, kitabu kilichomwondoa bwana mmoja kiliketi katika kiti chake. Ilipofika mwaka 1942, jina la Baedeker lilikuwa limepewa mashambulizi ya ndege za Ujerumani dhidi ya Exeter, Bath, Norwich, York na Canterbury, miji iliyolengwa kwa uzuri na ukale wake. Orodha ya vitu vya kutazamwa ilikuwa imegeuka orodha ya vitu vya kubomolewa. Siutaji mkasa huu ili kuwalaumu waliotia nyota. Nautaja kwa sababu unaonyesha jambo ambalo mhakiki halipaswi kumpita: orodha haina maadili yake yenyewe, humtumikia yeyote aliyeishika.

Mwaka 1900 ndugu André na Édouard Michelin walitoa mwongozo wao kwa wenye magari nchini Ufaransa, na kuanzia mwaka 1926 nyota ikahamia mezani, ikawa alama ya mikahawa. Eugene Fodor alianza mwaka 1936. Arthur Frommer, mwaka 1957, aliwafundisha Wamarekani kuzuru Ulaya kwa dola 5 kwa siku. Nasaba hii ina tofauti nyingi za bei, tabaka na mtindo, ila jambo moja halibadiliki. Msomaji anayelengwa ni mtu mzima, ama yuko peke yake ama yu na mwenzi wake, mwenye miguu isiyochoka na kibofu kinachotii ratiba. Mtoto hayumo.

Roland Barthes, katika insha yake kuhusu Guide bleu iliyomo katika kitabu chake Mythologies cha mwaka 1957, aliushambulia utanzu huu kwa hoja ambayo haijachakaa. Alionyesha kwamba mwongozo wa aina hiyo huipunguza nchi hadi ikabaki makaburi na makanisa, huwageuza watu wake kuwa vielelezo vya aina fulani tu, na huficha maisha halisi ya nchi wakati ule ule unapojidai kuyafunua. Barthes hakumtaja mtoto. Lakini tukiisoma hoja yake pamoja na mtoto aliyeshikwa mkono, inazidi makali, kwa sababu mtoto ndiye mtu wa kwanza kugundua kwamba katika mji ule wa mawe hakuna watu.

Mtoto Anapoingia

Itakuwa dhuluma kudai kwamba hakuna aliyejaribu. Mwaka 1985 Maureen Wheeler, ambaye yeye na mumewe Tony walikuwa wameanzisha Lonely Planet mwaka 1973, alitoa kitabu kuhusu kusafiri na watoto. Thamani yake ilitokana na jambo rahisi: aliyekiandika alikuwa mama aliyesafiri na watoto wake mwenyewe. Baada ya hapo rafu ya 'familia' ilianza kujaa, na ndipo utanzu ulipoharibika.

Naomba msomaji afungue mwongozo wowote wa aina hii na kuchunguza sarufi yake kabla ya kuchunguza maudhui. Kiima cha sentensi ni nani? Ni mzazi. Mtoto ni nani? Mtoto ni shamirisho. Ukijaribu kuyaweka maelezo yale katika Kiswahili, ukweli huu unajianika wenyewe, kwa kuwa lugha yetu haifichi mtendwa: mpeleke, mlishe, mpumzishe, mburudishe, mzuie asilie. Mtoto amebanwa katika herufi moja, -m-, katikati ya amri mbili za watu wazima. Hatendi chochote. Haoni, haulizi, hakatai, hakumbuki. Ni kama sanduku lenye magurudumu, isipokuwa sanduku halisikii njaa.

Hilo ni kosa la kifani. La kimaudhui ni kubwa zaidi. Miongozo hii imejengwa juu ya dhana kwamba mtoto kwa maumbile yake huchoshwa na kila kilicho cha maana, na kwamba kazi ya mzazi ni kumhonga. Makavazi asubuhi, aiskrimu mchana. Kanisa kuu saa nne, bembea saa tano. Mpango wenyewe si mbaya, kwani hakuna mtoto anayechukia aiskrimu. Ubaya umo katika uhusiano unaofundishwa baina ya vitu hivyo viwili. Mtoto anafunzwa kwamba sanaa ni dawa chungu na kwamba utamu huja baadaye kama fidia. Anafunzwa haya na kitabu, tena kwa kinywa cha mzazi ambaye pengine maisha yake yote ameyatumia kuwashawishi vijana wa watu kwamba kusoma ni furaha.

Nakubali bila kinyongo kwamba vitabu hivi vina manufaa ya kutumikia. Mzazi mwenye kigari cha mtoto anahitaji kujua kituo gani cha treni kina lifti. Anahitaji kujua kwamba ngazi za mnara wa Eiffel hadi ghorofa ya pili ni 674, ili aamue mapema kama ana nguvu za kumbeba mtu wa miaka mitatu kuanzia ngazi ya mia mbili. Anahitaji kujua msala uko wapi. Lakini haya ni maarifa ya ratiba na milango, na yanatosha katika kurasa 20. Mchapishaji anapoyatandaza hadi kurasa 300 na kuyaita kitabu, hana budi kuijaza nafasi iliyobaki kwa kitu fulani. Anaijaza kwa mshangao wa bandia na kwa vihoja kuhusu wafalme waliokatwa vichwa.

Mtoto Aliyejikwaa

Utetezi wa kawaida wa mwongozo ni kwamba bila huo familia itapotea. E. M. Forster alilijibu dai hili mwaka 1908 katika riwaya yake A Room with a View. Sura ya pili ya riwaya hiyo inamwonyesha Lucy Honeychurch akiwa Florence, ndani ya kanisa la Santa Croce, bila Baedeker yake. Mwanzoni amefadhaika: hajui ni kaburi gani zuri, wala picha ipi imesifiwa na wenye kujua. Ni kama mtahiniwa aliyenyang'anywa mwongozo mlangoni mwa chumba cha mtihani. Kisha, taratibu, anaanza kuangalia na kuona raha.

Wahakiki wengi wameisoma sehemu hii kama kejeli dhidi ya utalii wa Waingereza, na ni sawa. Lakini mumo humo kuna tukio dogo ambalo halipewi uzito unaostahili. Kuna mtoto wa Kiitaliano anayejikwaa juu ya sanamu ya askofu iliyolazwa sakafuni juu ya kaburi, akaanguka na kulia. Watu wazima wanamkimbilia, naye Bwana Emerson mzee anamwinua na kumpangusa. Jiwe ambalo kitabu kingelitia nyota, kwa mtoto ni kitu kinachoumiza mguu.

Naona katika tukio hili kanuni nzima ya kusafiri na watoto. Mtoto hukutana na mji kwa mwili wake. Anaijua ngazi kwa goti, mto kwa kokoto alilotupa, mfalme kwa farasi aliyempanda. Mwongozo mwema wa kusafiria na mtoto ungekuwa ule unaoanzia pale alipojikwaa, ukamwambia amejikwaa juu ya nani, na kwa nini mtu akazikwa njiani. Miongozo tuliyo nayo inafanya kinyume. Inamwonya mzazi kwamba sakafu ina mawe yaliyoinuka, kisha inamwelekeza mahali pa kununua plasta.

Mifupa ya Tendaguru

Nitoe ushahidi wa maisha yangu. Miaka michache iliyopita nilikuwa Berlin na watoto wangu wawili, mkubwa akiwa na miaka 11 na mdogo miaka 7. Nilikuwa na mwongozo wa familia, ambao sitautaja jina. Kama miongozo yote ya Berlin kwa watoto, ulituelekeza kwenye makavazi ya historia ya viumbe, Museum für Naturkunde, na haukukosea. Ndani ya ukumbi mkubwa umesimama mfupa juu ya mfupa wa dinosaria mwenye kimo cha zaidi ya mita 13. Mwongozo ulitoa kimo hicho, ukakilinganisha na cha majengo, ukamshauri mzazi awahi asubuhi kabla ya umati, na ukataja mkahawa ulio karibu. Basi.

Mdogo wangu alitazama juu hadi kofia ikamwanguka. Mkubwa, ambaye husoma kila kilichoandikwa, alikwenda kwenye kibao. Akarudi akaniuliza, "Baba, Tendaguru si ni huku kwetu?"

Ni huku kwetu, au karibu na kwetu. Tendaguru ni kilima kilichoko kusini mwa Tanzania, bara ya Lindi. Mifupa ile ilichimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913, nchi hiyo ilipokuwa chini ya Wajerumani, miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 na njaa iliyofuata kuyaacha maeneo hayo mahame. Waliochimba ni wenyeji, mamia ya watu katika msimu mmoja, na msimamizi wao mkuu, Boheti bin Amrani, alitajwa kwa jina na wataalamu wa Kijerumani waliomtegemea. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilichukuliwa vichwani na mabegani, mwendo wa siku nne kwa miguu hadi bandari ya Lindi, zikapakiwa merikebuni. Kiunzi kilisimamishwa Berlin mwaka 1937.

Nilijua kiasi cha habari hizi kwa kuwa niliwahi kuzisoma kwingine, si kwa sababu ya kitabu nilichokuwa nimekishika. Niliwaeleza watoto nilichokijua. Mdogo aliuliza, "Walimbebaje?" Tukakaa sakafuni, mkubwa akatoa daftari, tukafanya hesabu: ikiwa mtu mmoja anaweza kuchukua kilo 30, tani 200 ni mizigo mingapi? Tulipata zaidi ya 6,600. Mdogo akasema basi wote hao wangestahili kuandikwa pale, na mkubwa akamwambia hakungekuwa na ukuta wa kutosha. Tulikaa pale saa mbili. Hatukwenda kwenye mkahawa.

Sisemi kwamba mwongozo ule ulidanganya. Kila neno lililokuwamo lilikuwa kweli. Ninachosema ni kwamba ulikuwa na nafasi ya kutaja mkahawa na haukuwa na nafasi ya kutaja Lindi. Mtoto yeyote, awe wa Nairobi, wa Lindi au wa Berlin kwenyewe, alinyimwa swali bora kuliko yote awezayo kuuliza mbele ya kitu: kimefikaje hapa? Mwongozo unaoficha asili ya vitu unamlea mtoto kuamini kwamba vitu vyote vikubwa vilizaliwa Ulaya, na kwamba sisi wengine tumealikwa kuja kuvitazama kwa tikiti.

Pingamizi Mbili

Pingamizi la kwanza latoka kwa wenzetu wa mrengo wa utaifa. Watasema: umekiri mwenyewe. Mbona basi uwapeleke watoto huko? Wapeleke Gedi, Lamu, Fort Jesus, Thimlich Ohinga. Najibu kwamba wangu wamekwenda Gedi na wataenda tena. Lakini kuikwepa Ulaya si kuishinda. Tena historia ya maandishi ya Kiswahili yenyewe haiungi mkono ukwepaji huo. Amur bin Nasur, Mzanzibari aliyefundisha Kiswahili Berlin kuanzia mwaka 1891, aliandika habari za maisha yake katika mji huo huo. Selim bin Abakari alisimulia safari yake ya Urusi na Siberia, na simulizi lake limo katika Safari za Wasuaheli, mkusanyo uliotolewa na Carl Velten mwaka 1901. Huko Uganda, Ham Mukasa aliandika juu ya safari ya London ya mwaka 1902 alipofuatana na Katikiro Apolo Kagwa. Hawa hawakuwa na mwongozo, na walisafiri chini ya kivuli cha ukoloni. Hata hivyo waliitazama Ulaya kwa macho yao na kuipima kwa kipimo chao. Wao ndio wazazi wetu katika utanzu huu. Ni aibu kwamba tunawafundisha wanafunzi wetu kuwataja kwa tarehe tu, kisha tunapopanda ndege tunawaacha nyumbani.

Pingamizi la pili latoka upande mwingine, nalo ni gumu zaidi. Ikiwa unataka asili ya kila kitu itajwe, je, hutaandika mwongozo wa mashtaka? Mtoto wa miaka saba apelekwe Tervuren, karibu na Brussels, aambiwe kwamba mwaka 1897 Wakongo 267 waliletwa huko waonyeshwe kwa watazamaji, na kwamba saba kati yao walikufa na makaburi yao yangaliko kando ya kanisa? Utoto hauna haki ya kuwa utoto?

Una haki hiyo. Lakini angalia pingamizi hili linakubali nini. Linakubali kwamba kuna kisa, na kwamba kukisimulia kunahitaji kupima umri. Basi hiyo ndiyo kazi ya mwandishi wa watoto siku zote, na ndiyo kazi ambayo miongozo ya familia imeikwepa kwa kunyamaza. Mwanangu wa miaka 11 nilimpeleka Tervuren. Wa miaka 7 alibaki na mama yake bustanini, na siku yake itakuja. Mwongozo mwema ungenisaidia kupima hivyo. Niliokuwa nao uliniambia bustani ni nzuri kwa baiskeli.

Tena haidhuru kukumbuka kwamba Ulaya yenyewe, ilipotaka kuwafundisha watoto wake nchi zao, haikuwaandikia orodha. Iliwaandikia hadithi. Mwaka 1877 Augustine Fouillée, kwa jina la kalamu la G. Bruno, alitoa Le Tour de la France par deux enfants, kisa cha mayatima wawili, André na Julien, wanaotoka Phalsbourg katika Lorraine iliyotekwa na Wajerumani na kuizunguka Ufaransa nzima. Vizazi vya wanafunzi vilijifunza nchi yao humo. Selma Lagerlöf aliombwa na chama cha walimu wa Uswidi aandike kitabu cha jiografia cha shule. Akawapa, mwaka 1906 na 1907, safari ya Nils Holgersson, mtoto mtukutu aliyepunguzwa akawa kidogo kama kidole na kubebwa na bata bukini juu ya mikoa yote. Katika vitabu hivi viwili mtoto ni kiima. Anatenda, anakosea, anapotea, anajifunza.

Nisije nikadhaniwa kuwa naitakasa hadithi. Kitabu cha Fouillée kina ukurasa unaozipanga jamii za binadamu na kuwaweka watu weupe juu ya wote, na mamilioni ya watoto waliusoma wakiwa wamekwisha kuwapenda André na Julien. Hadithi hubeba sumu kwa urahisi kuliko orodha, kwa kuwa huinywesha kwa upendo. Lakini hilo ni jambo la sisi kulikabili kwa uhakiki, kazi tunayolipwa kuifanya. Orodha hatuna la kuifanyia ila kuitii.

Vigezo vya Uteuzi

Ni vigezo gani basi? Napendekeza vinne, na kila kimoja kinaweza kutumiwa na mzazi aliyesimama dukani.

Kwanza, sarufi. Fungua ukurasa wowote na utazame nani anatenda. Ikiwa mtoto hajawa kiima katika sentensi kumi mfululizo, rudisha kitabu rafuni.

Pili, kunyima. Kitabu chema huthubutu kukataza. Kinachosifia vitu 100 mjini Roma hakijasifu chochote. Tena makavazi mengi makubwa ya London, likiwemo la Uingereza na lile la historia ya viumbe, hayatozi kiingilio kwa makusanyo yake ya kudumu, na Louvre haiwatozi walio chini ya miaka 18. Huko London, familia iliyoingia kwa dakika 40, ikaona kitu kimoja na kutoka, haijapoteza senti. Mwongozo usiojua kusema 'tazama hiki kimoja, kisha nendeni zenu' haumjui mtoto.

Tatu, asili. Je, kitabu kinasema vitu vimetoka wapi na vimefikaje? Chagua makavazi unayoyafahamu, tafuta kitu kimoja kilichotoka Afrika au Asia, na usome maelezo yake. Jaribio hili huchukua dakika mbili na ni nadra kukosea.

Nne, tarehe, lakini kwa busara. Mwongozo uliochapishwa kabla ya Aprili 2019 unakupeleka katika Notre-Dame ambayo haikuwa imeungua, na kati ya moto huo na kufunguliwa tena mwezi Desemba 2024 hakuna familia iliyoweza kuingia. Uliochapishwa kabla ya Oktoba 2023 unakupeleka Pergamonmuseum ya Berlin, iliyofungwa kabisa mwezi huo kwa ukarabati mrefu. Kwa habari za milango, basi, uliza makavazi yenyewe wiki ile ile ya safari. Kwa habari za maana ya vitu, kitabu cha zamani kilichoandikwa vyema kinakishinda kipya kilichoandikwa ovyo. Kosa la wazazi wengi ni kulipia bei ya maarifa ili kununua saa za kufunguliwa.

Ukivitumia vigezo hivi vinne utagundua kwamba rafu ya 'familia' inabaki karibu tupu. Ndiyo sababu nilisema mwanzoni kwamba vitabu vinavyohitajika ni vitatu vya aina nyingine. Cha kwanza ni historia nzito ya mji, ya watu wazima, ambayo mzazi ataisoma usiku na kuisimulia mchana. Msimulizi awe mzazi, kama bibi na babu walivyokuwa. Cha pili ni kitabu cha hadithi au cha picha kilichowekwa mahali pale, apewe mtoto kabla ya safari: picha za Miroslav Sasek za Paris na London, zote za mwaka 1959, au kisa cha Linnea katika bustani ya Monet, kilichoandikwa na Christina Björk na kuchorwa na Lena Anderson mwaka 1985. Humo msichana mdogo anakwenda Giverny na jirani mzee kwa sababu anapenda maua, wala hakuna anayemhonga. Cha tatu ni daftari tupu la mtoto mwenyewe, na kalamu.

Hitimisho

Tumewafundisha wanafunzi wetu kwamba mwongozo unaosomwa badala ya riwaya ni wizi: unamwibia msomaji nafasi ya kukosea, kushangaa na kubadili mawazo. Nimejaribu kuonyesha kwamba mwongozo wa familia unaosomwa badala ya mji ni wizi wa namna ile ile, na kwamba anayeibiwa ni mtoto, ambaye hana habari na hawezi kudai.

Dawa haiko kwa wachapishaji wa Ulaya, ambao hawatuandikii sisi. Iko kwetu. Idara inayofundisha fasihi ya watoto na fasihi ya safari, tena kwa Kiswahili, ina kila kinachohitajika ili mtu aketi na kuandika kitabu cha kwanza cha Kiswahili cha kumtembeza mtoto Berlin, kianzie chini ya shingo ya yule mnyama wa Tendaguru. Nusu ya kitabu hicho tayari imo katika daftari la mwanangu, kwa mwandiko mbaya, pamoja na hesabu ya mizigo 6,600 na mchoro wa mtu mmoja aliyebeba ubavu kichwani. Chini ya mchoro ameandika jina la Boheti bin Amrani. Sikumwambia aliandike.